Watoto Hawa Hawasikii

Elwak si mji wa kuachia njiani kitu kinachokwenda chenyewe bila kuwaambia watu. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na hilo sikuhitaji kufundishwa. Barabara inayotoka Wajir ikapita Tarbaj na Kotulo, ikafika kwetu, kisha ikaendelea Rhamu hadi Mandera, imetegwa mabomu mara nyingi tangu jeshi letu livuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Magari ya polisi yamelipuka, milingoti ya simu imebomolewa usiku na watu wakaamka hawana mtandao. Mtoto wa shule ya msingi hapa akiona waya zinachungulia kwenye kitu asichokifahamu, hakisogelei. Anakwenda kumwita mtu mzima.

Nilikuwa nayajua yote hayo. Hata hivyo alasiri moja, soko limejaa, nilitoa gari la rimoti lenye waya na antena, kubwa kama mwanambuzi, nikaliendesha kando ya barabara bila kumwarifu chifu, polisi wala majirani. Mama mmoja akavunjika mkono. Nilipoulizwa, nikamtupia mtoto lawama.

Haya nimeshayasema mbele ya wazee. Nayaandika kwa sababu wako waliosikia nusu tu, na nusu waliyoisikia ni ile inayonipendelea, kwamba mtambo ulikorofisha. Mtambo haukukorofisha. Gari lilifanya kama lilivyoachwa lifanye, na aliyeliacha hivyo ni mimi.

Abti wangu, yaani mjomba, anayeishi Minneapolis, alipokuja kwenye arusi ya dada yangu alibeba sanduku la Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani. Ndani yake mlikuwa na Clod Buster, gari ambalo wapenzi wa mchezo huu wamelijua tangu lilipotoka mara ya kwanza 1987. Haliji likiwa gari. Linakuja likiwa vipande vilivyoshikana kwenye fremu za plastiki, mota mbili, matairi manne ya mpira yenye kimo cha sentimita 16 hivi, mifuko ya skrubu, na kitabu cha michoro kinachokuongoza hatua kwa hatua. Ukimaliza unapata pikapu ya karibu nusu mita, yenye mota moja kwenye kila ekseli, magurudumu yote manne yakisukuma na yote manne yakikata kona.

Asili yake ni magari ya kweli ya Marekani. Bob Chandler wa St. Louis, Missouri, alichukua Ford F-250 ya 1974, akaiinua, akaivalisha matairi makubwa na kuiita Bigfoot. Mwaka 1981 akaipandisha juu ya magari mabovu shambani, na tangu hapo watu wakaanza kujaa viwanjani kutazama gari likiponda gari. Vijana wa Elwak wanazo video hizo kwenye simu. Mimi nilizitazama nikiwa mtu mzima, nina duka la kutengeneza simu na kufunga sola, na nikalitamani gari lile kuliko nilivyowahi kutamani kitu nikiwa mdogo. Utotoni magari yetu tuliyaunda wenyewe kwa waya na makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu tukayakata kwenye kandambili. Tuliyasukuma kwa kijiti, mbio, jua likiwa utosini. Gari linalokwenda bila kusukumwa lilikuwa la kusikia tu.

Sikuliunda peke yangu. Kijana mmoja wa jirani, miaka 12 hivi, alikuwa akipita dukani akitoka duksi, yaani chuo cha Kurani. Alikuwa akiniita adeer, kama watoto wetu wanavyomwita kila mwanamume wa rika la baba yao. Mwanzo alisimama mlangoni akitazama. Baada ya hapo nikampa kazi ya kutenganisha skrubu, na muda haukupita nikagundua kwamba anakisoma kile kitabu cha michoro vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa nakimbilia kuona gari limesimama kwa miguu yake. Yeye alikuwa akitaka kuelewa kwa nini kipande hiki kinaingia kabla ya kile.

Nakumbuka zaidi siku ya giya. Boksi la giya la gari hili linakaa kwenye ekseli yenyewe, na ndani yake vyuma na plastiki vinazunguka vikiwa vimepakwa grisi. Mahali pa kuzungukia, gari huja na bushi za plastiki. Kwingine zingeweza kudumu, lakini Elwak ina mchanga mwekundu na unga mweupe wa jasi unaopenya hata ndani ya simu iliyofungwa, na bushi za plastiki zikichanganyika na unga huo huliwa upesi. Kwa hiyo niliagiza beringi za chuma kutoka Eastleigh, Nairobi. Kijana alizichukua moja moja, akazizungusha kwa ncha ya kidole karibu na sikio, na yoyote iliyotoa sauti ya mkwaruzo akaiweka kando. Hakuna aliyemfundisha. Skrubu za chuma kwa chuma alizitia tone la gundi ili zisilegee kwa mtikisiko, na nilipotaka kuitia gundi hiyohiyo kwenye plastiki akaniuliza kama haitaipasua. Nikaangalia. Kweli, inapasua.

Tulipoliwasha mara ya kwanza, limelazwa juu ya debe ili magurudumu yasiguse chini, ekseli ya mbele ilizunguka kwenda mbele na ya nyuma ikarudi nyuma. Nilianza kufungua boksi zima la giya. Yeye akashika waya mbili za mota ya nyuma, akazibadilisha, akaniambia nijaribu tena. Likaenda.

Sasa nifike kwenye redio, maana hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Sanduku lile haliji na redio wala betri. Betri na chaja alikuja navyo abti. Redio nilinunua ya bei nafuu, ya gigahezi 2.4. Ina sehemu mbili, ile ya mkononi tunayoiita rimoti, na risiva inayokaa ndani ya gari. Mawasiliano yakikatika, ama kwa kuwa betri za rimoti zimekwisha ama gari limekwenda mbali mno, ni lazima risiva iwe imeshaelezwa ifanye nini. Kwa redio yangu unaieleza kabla ya kuanza kuendesha. Unawasha vyote viwili, unaondoa kidole kwenye triga ili mota zitulie, kisha unabonyeza kitufe cha risiva mpaka taa yake ikubali. Kuanzia hapo, ikipoteza mawimbi, inasimamisha mota. Usipoieleza, ziko risiva zinazoshikilia amri ya mwisho ziliyoipata. Kama amri ya mwisho ilikuwa kwenda mbele, gari litakwenda mbele.

Maelezo hayo yalikuwa kwenye karatasi iliyokuja na redio. Kijana aliusoma ukurasa ule na kuniuliza tutaufanya lini. Nikamwambia hayo ni ya baadaye. Kazi ya dakika moja niliiita ya baadaye kwa sababu nilikuwa nataka kuliona gari likipanda vilima vya mchanga kabla jua halijashuka.

Betri ndogo za rimoti nilizitoa kwenye tochi ya dukani. Hazikuwa mpya. Tulipofika uwanjani kijana aliniambia, "Adeer, taa imekuwa nyekundu." Nikasema zitatosha.

Kwa muda zilitosha. Gari lilipanda, likaruka, likatua kwa springi zake na kuendelea, matairi yakirusha vumbi nyuma. Watoto walikusanyika. Na mimi, niseme kweli, nilifurahi kwa namna ambayo hata sasa siwezi kuitukana furaha yenyewe. Lakini upande wa pili wa barabara watu wazima waliliona tofauti. Waliona kitu cheusi kilicho chini, kinakwenda mbio, kina antena, hakina mtu. Wenye maduka walianza kuteremsha mabati ya madirisha. Niliyaona yakishuka. Nilidhani wanafunga kwa ajili ya swala.

Nilibonyeza triga mpaka mwisho ili lipande kilima cha mwisho, na hapo taa ya rimoti ikazimika kabisa. Gari halikusimama. Lilipita kilima, likanyooka barabarani kwa nguvu yake yote. Nilibonyeza, nikaachia, nikazima na kuwasha. Hakuna kitu. Kijana ndiye aliyekimbia. Mimi nilisimama nikiipiga rimoti kwa kiganja.

Mama muuza maji alikuwa akitoka kisimani na mkokoteni wa punda, madumu ya lita 20 yamepangwa juu. Gari liliingia chini ya miguu ya punda. Punda akaruka pembeni, gurudumu la mkokoteni likapanda jiwe, mzigo wote ukaegemea upande wa mama na yeye akaanguka chini ya madumu. Kuna mtu alipiga kelele, "Bomu!" Sokoni watu walilala chini pale walipokuwa. Wengine walikimbia na kuacha watoto, wakarudi kuwachukua wakilia. Mzee mmoja asiyeweza kukimbia alijifunika kichwa kwa mikono miwili. Hilo nililiona kwa macho yangu, na hakuna fidia iliyokadiriwa kwa ajili yake.

Kijana alilifikia gari, akaligeuza magurudumu juu, akavuta plagi ya betri. Alifanya lililotakiwa, na alilifanya haraka. Kwa hiyo watu walipoinua vichwa, na askari wa akiba alipotokea bunduki ikiwa mbele, aliyekutwa amelishika gari ni yeye. Bunduki ilielekezwa kwake. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni pa duka langu, na rimoti nilikuwa nimeiweka chini ya kaunta. Siwezi kusema niliiweka bila kufikiri. Nilifikiri. Nilihesabu kwamba mtoto hatapigwa risasi na hatafungwa, na kwamba mimi nina leseni ya duka, nina wateja na nina jina.

Askari akauliza kwa sauti, gari hili la nani, na nani alikuwa akiliendesha. Nikatoka, nikatikisa kichwa kama mtu aliyechoshwa, nikasema, "Watoto hawa hawasikii."

Sikumtaja kwa jina, wala sikusema kwamba ni yeye. Niliwaachia watu wamalizie, na wakamalizia. Kijana alinitazama. Alikuwa bado ameshika plagi. Hakusema neno, kwa kuwa kwetu mtoto hamkanushi adeer wake mbele ya watu.

Ninaishi katika mji unaojua maana ya kumtenga mtu mbele ya bunduki. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa karibu na hapa. Wavamizi waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Kina mama waliwafunika wenzao kwa mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016, na taifa likamtunuku nishani baada ya kifo chake. Filamu ya Watu Wote, iliyotengenezwa 2017 na kuteuliwa kuwania Oscar, imetokana na siku hiyo. Nimeitazama, nimeililia machozi, na nimewaambia wageni kwa fahari kwamba hapa ndipo yalipotokea. Wale abiria waliambiwa wawatoe wengine, wakakataa. Mimi hakuna aliyenitaka nimtoe mtu. Nilimtoa mtoto kwa hiari yangu, ili nisiaibike.

Wazee waliketi kufanya maslaha, yaani usuluhishi wa kimila. Baba wa kijana huchunga ngamia wa watu wengine kwa ujira. Akaambiwa agharamie matibabu ya mama, madumu yaliyopasuka na siku ambazo mkokoteni hautafanya kazi. Aliuza mbuzi. Mimi nilikuwemo katika kikao kile, nimeketi upande wa wenye mali, na nilipoombwa neno nilisema vijana wa siku hizi wanahitaji uangalizi. Kijana alichapwa, kisha akapelekwa malishoni kwa ayeeyo wake, yaani bibi yake, mbali na mji na mbali na shule.

Baba yake alikuja dukani baadaye. Alikuwa ameshika noti zilizokunjwa mara nyingi. Akasema amesikia bampa ya gari langu imevunjika na mwanawe ndiye aliyeivunja, akaniomba nipokee kidogo alichonacho na nimvumilie kwa kinachobaki. Nilikataa zile pesa, na kwa kuzikataa nilijiona mtu mwema. Nikamwambia, "Usijali, mzee. Nimemsamehe mtoto." Akanishukuru. Akaniombea dua. Nikaitikia amina.

Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mkono uliovunjika uliletwa na pupa, na sentensi ya sokoni ilitokana na woga. Kwa ile samahani sikusukumwa na kitu. Nilikuwa nimeketi kwenye kivuli, nina nafasi yote ya kusema kweli, na nikamsamehe mtu kwa kosa langu.

Nilikwenda kumjulia hali mama muuza maji, nimebeba sukari na majani ya chai. Plasta ilikuwa bado mkononi. Alinikaribisha, akaniagizia chai, akaniuliza habari za nyumbani. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yule mtoto alimwona vizuri kabla hajaanguka. "Alikuwa akikimbia kuja kwangu, ananipungia nisimamishe punda. Mikono yote miwili niliiona. Ilikuwa mitupu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakuulizwa. Kwenye kikao aliyesema kwa niaba yake ni kaka yake, na kaka yake siku ile hakuwapo hata sokoni. Nimekulia ndani ya maslaha, na nimeona ugomvi ambao mahakama isingeumaliza ukimalizwa chini ya mti kwa siku moja. Lakini kikao kinachomfidia mwanamke bila kumsikia kinaweza kumlipisha asiyehusika, na cha kwetu kilifanya hivyo. Laiti mtu mmoja angemuuliza mama yule aliona nini, uongo wangu ungekufa siku ileile.

"Nilingoja useme mwenyewe," akaniambia. "Nikasema, huyu ni mtu wa dini, atasema."

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa mzee aliyeongoza kikao. Sikungoja Ijumaa wala sikumtafuta mtu wa kunitangulia. Naifahamu nafsi yangu. Ningelala usiku mmoja tu, asubuhi ningekuwa nimepata sababu. Nilimweleza yote: betri za tochi, ukurasa nilioruka, taa nyekundu, rimoti chini ya kaunta, na samahani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu, kama mtoto alinionya. Nikasema ndiyo.

Kikao cha pili kilifanyika palepale kando ya barabara, kwa ombi la baba wa kijana, saa ileile ya alasiri, ili waliosikia uongo wausikie ukweli. Mama muuza maji aliitwa akasema kwa mdomo wake mwenyewe. Askari wa akiba alikuwapo. Alisema kidole chake kilikuwa kwenye triga siku ile, na kwamba kama ningekwenda kituoni asubuhi kuwaarifu, asingekuja na bunduki mbele. Sikuwa na la kumjibu. Kijana aliletwa kutoka malishoni, amekonda, ngozi imepigwa na jua. Mzee alipomuuliza ana neno gani, alisema, "Nilimwambia taa imekuwa nyekundu." Hakuongeza kitu.

Niliamriwa kumrudishia baba yake kila alicholipa pamoja na thamani ya mbuzi, kulipa matibabu yaliyobaki, na kumlipa mtu wa kusukuma mkokoteni wa mama mpaka mkono wake uweze kuinua dumu. Mkono huo haujaweza bado, na bado nalipa. Mwalimu mkuu alikubali kijana arudi darasani katikati ya muhula. Gari liko kwa chifu. Nililipeleka mwenyewe, na risiva nikaiacha imeshaelezwa kusimama, ili lisimdhuru mtu hata likiwashwa na asiyelijua.

Wazee walipomaliza kusoma hukumu, baba wa kijana aliomba kusema. Nilitegemea anilaani, na ningestahili. Alisema hivi: "Pesa nilizokuletea ulizikataa, kwa hiyo hapo hatudaiani. Lakini kuna kitu ulinipa nikakipokea. Ile samahani uliyompa mwanangu, ichukue."

Nikasema naichukua. Kisha nikamgeukia kijana, mbele ya watu wote, nikamwomba yeye anisamehe. Alimtazama baba yake. Baba yake akamwambia hilo ni lake mwenyewe, aamue anavyoona. Kijana akasema atafikiri. Hajanijibu, nami sijamharakisha.